Sura ya Nne: Meli Isiyoweza Kukimbia

Vita vilipotangazwa Agosti 4, 1914, Admirali Herbert King-Hall alikuwa na manowari tatu tu, na pwani aliyopewa kuilinda iligusa bahari mbili. Kamandi yake, yenye makao Simon's Town karibu na Cape Town, ilianzia upande wa Atlantiki, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda hadi Zanzibar na Mombasa. Manowari zenyewe zilikuwa zimechoka. Astraea ilishushwa majini mwaka 1893, Pegasus 1897, na Hyacinth, iliyobeba bendera ya admirali, 1898. Siku zile ufundi wa manowari ulikuwa ukienda mbio kiasi kwamba meli ya miaka kumi na tano ilikuwa imeshapitwa na wakati, na Uingereza ilizipeleka zilizopitwa kule ambako haikutarajia mapigano.

Upande wa pili, Wajerumani walikuwa wameleta Dar es Salaam, Juni mwaka huohuo, manowari iitwayo Königsberg, chini ya Nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na iliweza kwenda maili 24 za baharini kwa saa, mwendo ambao meli za King-Hall hazikuuweza. Julai 31, siku nne kabla Uingereza haijaingia vitani, meli zote tatu za Waingereza ziliikuta ikitoka Dar es Salaam, zikaizunguka ili ziandamane nayo mpaka amri ije. Ikaja mvua ya upepo, maji na mbingu vikawa kitu kimoja, Looff akageuza meli ghafla na kuongeza mwendo. Mvua ilipopita, Königsberg haikuonekana.

Habari iliyofuata ilitoka mbali, pwani ya Omani, ambako Agosti 6 iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imesheheni chai ya Ceylon. Kisha kimya. Agosti ikaisha, Septemba ikaingia, hakuna aliyejua iko wapi.

Kimya hicho ndicho kiini cha sura hii. Adui anayeonekana unaweza kumpangia. Asiyeonekana wiki sita, kila siku inayopita hukushawishi kwamba ameondoka, na huku mambo mengine yanakuita. King-Hall aliitwa kusini. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa ikijiandaa kuivamia koloni ya Wajerumani ya Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, na wanajeshi wake walikuwa wapelekwe Lüderitz kwa njia ya bahari. Meli iliyojaa wanajeshi haina ngozi. Inahitaji manowari pembeni yake. Hyacinth ikarudi kusini. Astraea nayo ikahitajika kwa kazi ya kusindikiza. Pwani nzima ya Afrika Mashariki ikabaki mikononi mwa Pegasus peke yake, meli ndogo kuliko zote tatu.

Na Pegasus ilikuwa mgonjwa.

Msomaji wa hapa Kanamkemer, Turkana, ambaye injini anayoijua zaidi ni ya lori la Kitale au ya pikipiki, anahitaji maelezo kidogo hapa. Manowari ya wakati ule iliendeshwa kwa mvuke. Chini kabisa, ndani ya tumbo la chuma, wanaume wenye masepetu walilisha makaa ya mawe kwenye matanuri, moto ukachemsha maji ndani ya maboila, mvuke ukasukuma injini. Masizi huziba njia za moto. Chumvi na ukoko hushika mabomba. Mabomba huvuja. Meli iliyokwenda wiki nyingi bila kupumzika hupoteza mwendo kidogo kidogo, na mwisho mafundi humwambia kamanda wao kwamba bila kuzima moto na kufungua vyuma, meli itawafia baharini. Ukizima moto, meli si manowari tena. Haiwezi kugeuka wala kukimbia, na kuiwasha upya ni kazi ya saa, si ya dakika.

Pegasus ilikuwa imetumika sana kuanzia siku za kwanza. Agosti 8 ilikuwa Dar es Salaam pamoja na Astraea, wakati mnara wa simu za upepo wa Wajerumani ulipopigwa. Agosti 17 ilikuwa Tanga, ambako kamanda wake, John Ingles, alifanya mapatano na Wajerumani kwamba mji usipigwe. Kati ya safari hizo ilikuwa ikipita huku na huku, ikitafuta na kuchunguza. Katikati ya Septemba maboila na mitambo yake haikuweza kungoja zaidi. Ikatia nanga mbele ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mafundi wakaanza kufungua.

Kwa nini Zanzibar? Ilikuwa na makaa, ilikuwa na simu ya nyaya iliyopita chini ya bahari, na ilikuwa ni himaya ya Uingereza, chini ya Sultani Khalifa bin Haroub. Lakini anayeifahamu bandari ile anajua kasoro yake. Iko wazi. Anayekuja kwa njia ya kusini huona milingoti kutoka mbali, na meli iliyotia nanga mbele ya mji haina pa kujificha. Kilindini, Mombasa, ni tofauti kabisa: mkono wa bahari unaoingia ndani nyuma ya kisiwa, mlango wake mwembamba. Sitaki kujifanya admirali miaka zaidi ya mia baadaye, lakini ukiniwekea ramani mezani na kuniambia nina meli moja isiyoweza kukimbia, sitaiweka uwanjani.

Nasema uwanjani kwa sababu bandari hiyohiyo ilikuwa imeshatoa somo lake. Agosti 27, 1896, kikosi cha Admirali Harry Rawson kilipolipiga kasri la Zanzibar katika vita vilivyokwisha kabla chai ya asubuhi haijapoa, meli ya sultani, Glasgow, ilikuwa imetia nanga papo hapo. Ilirusha makombora yake machache, ikajibiwa, ikazama palepale ilipokuwa imefungwa nanga. Milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka mingi, na mabaki yake hayakuondolewa hadi 1912. Miaka miwili tu baadaye Waingereza wenyewe waliegesha meli isiyoweza kusogea kwenye maji hayohayo.

Looff alikuwa karibu kuliko walivyodhani. Septemba 3 alikuwa ameiingiza Königsberg ndani ya delta ya Rufiji, mahali paitwapo Salale, kati ya mikoko, ambako ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa kiasi kile inaweza kupita. Wapelelezi wa pwani wakamletea habari: kuna manowari moja Zanzibar. Alitoka Septemba 19, akasafiri usiku.

Alfajiri ya Jumapili, Septemba 20, boti ndogo ya kuvutia meli iitwayo Helmuth ilikuwa ikilinda njia ya kusini. Ndiyo iliyokuwa ulinzi wote. Königsberg iliipita ikiipiga mizinga, na saa kumi na moja na dakika 25 ikaanza kuipiga Pegasus kutoka umbali wa kilomita zipatazo nane. Mabaharia wa Pegasus walikimbilia mizinga yao na kujibu, lakini makombora yao yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Ilichukua kama dakika ishirini. Watu 31 waliuawa, 55 wakajeruhiwa, na baadhi ya majeruhi wakafa baadaye. Waliozikwa kisiwani Chapwani wapo hadi leo. Königsberg haikupata hata mkwaruzo. Ilipokuwa ikiondoka ilitupa mapipa yenye mchanga mdomoni mwa bandari ili Waingereza wadhani ni mabomu ya majini, hila ya kitoto iliyofanya kazi ya kitu cha kweli. Pegasus ilisogezwa kuelekea maji ya kina kifupi, ikazama alasiri ileile.

Wako wanaomlaumu Ingles kwa kuchagua mahali, na wako wanaomlaumu King-Hall kwa kuiacha peke yake. Mimi naona lawama zote mbili zinaanza kuhesabu siku ikiwa imeshachelewa. Uamuzi wa kuiacha au kuilinda haukufanywa Septemba 20, wala siku moto wa maboila ulipozimwa. Ulifanywa siku ile meli mbili zilipoelekea kusini na hakuna aliyeuliza ni ipi kati ya tatu iliyokuwa karibu kuharibika. Aliyebaki nyuma ndiye aliyehitaji kuwa mzima kuliko wote. Aliyebaki alikuwa mgonjwa.

Kisa hiki nilimsimulia mzee mmoja hapa Kanamkemer, ambaye ujanani alichunga ngamia upande wa Loima. Tulikuwa kivulini, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye ukingo wa mto Turkwel. Bahari hakuwahi kuiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Mwalimu, hiyo meli ilikuwa na nini ndani?"

"Mizinga minane, mzee. Na watu."

"Na walijua haiwezi kutembea?"

"Walijua."

Akachora kitu mchangani kwa fimbo yake, akakifuta. "Ngamia akivunjika mguu na watu wanahama, sisi hatuulizi kama tunampenda. Tunauliza maji yako umbali gani. Kama tutayafikia leo, anangojewa. Kama ni keshokutwa, anachinjwa hapohapo, nyama inapakiwa. Lakini kumwacha amesimama, na maziwa yake, hapana. Atakayemkuta ni adui."

Nilidhani anazungumzia huruma, kumbe alikuwa anazungumzia mzigo. Tangu siku ile sijaweza kuzisoma habari za manowari zilizolemaa bila kuuliza swali lake: zilikuwa na nini ndani, na nani alikipata?

Siku mbili baada ya Pegasus, mbali sana na Zanzibar, Waingereza walifanya kosa la upande wa pili. Septemba 22, katika Bahari ya Kaskazini, manowari tatu kubwa na kuukuu zilikuwa zikipiga doria bila meli ndogo za kuzilinda, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa imezifukuza, na bila admirali wao, aliyekuwa amelazimika kurudi bandarini meli yake ipakie makaa. Nyambizi moja ya Kijerumani, U-9 ya Otto Weddigen, ikaipiga Aboukir. Nahodha wake alidhani amegonga bomu lililotegwa majini, akaziita zile mbili nyingine zisogee zisaidie. Hogue ikasogea, ikasimama kuokoa watu, ikapigwa. Cressy ikabaki kuokoa watu wa meli mbili, ikapigwa. Zote tatu zilizama asubuhi moja, na watu 1,459 wakafa pamoja nazo. Baada ya hapo wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walitoa amri kwamba meli kubwa isisimame kuisaidia meli iliyopigwa namna hiyo.

Amri ile ni ya kikatili na ni ya haki kwa pamoja, na ndiyo maana inatisha. Baharia wa Cressy aliyerusha mbao majini ili wenzake wazishike alikuwa anafanya kile ambacho dini zote na mila zote zimemfundisha. Nahodha wake, kwa kumruhusu, aliwaua waokoaji na waliookolewa. Wiki moja ya Septemba 1914 ilikuwa imewaonyesha Waingereza kwamba ukiiacha meli iliyolemaa utajuta, na ukikaa nayo utajuta.

Januari 24, 1915 swali likarudi, safari hii kwa maadmirali wawili siku moja. Karibu na Dogger Bank, katika bahari ileile, Admirali Franz Hipper wa Ujerumani alikuwa akikimbilia nyumbani na meli nne, Admirali David Beatty akimfukuza na tano. Meli ya nyuma kabisa ya Hipper, Blücher, ndiyo iliyokuwa ya polepole na ya zamani kuliko wenzake, na ikapigwa mpaka ikapunguza mwendo. Hipper angeweza kugeuka. Mbili kati ya meli zake nyingine tatu zilikuwa zimepigwa pia, Seydlitz vibaya sana. Hakugeuka. Aliiacha Blücher.

Wakati huohuo, upande wa Beatty, meli yake mwenyewe, Lion, ililemazwa na kubaki nyuma. Ishara za bendera alizozitoa zilisomwa vibaya, na manowari zake zote, badala ya kuendelea kumfukuza Hipper, zikaigeukia Blücher iliyokuwa imeshakufa nusu. Zikaipiga hadi ikapinduka. Zaidi ya watu 700 walikufa. Hipper akafika kwake na meli tatu. Kisha Waingereza wakafanya kile alichokataa kukifanya Hipper: meli ya Indomitable ikaifunga Lion kamba, ikaivuta hadi Rosyth kwa kama siku moja na nusu, kundi zima la meli ndogo likiizunguka kuizuia nyambizi.

Mmoja aliacha, mmoja alivuta, na wote wawili walikuwa sahihi. Tofauti yao ilikuwa ni maji yako umbali gani. Beatty alikuwa ameshinda, adui ameondoka, na njia ya kurudi ilikuwa wazi. Hipper alikuwa bado anafukuzwa. Na kuna jambo la tatu ambalo Hipper huenda hakulipanga: Blücher aliyoiacha ndiyo iliyowavuta Waingereza wasimfuate. Meli iliyolemaa inaweza bado kufanya kazi, mradi adui aiangalie hiyo na si wewe.

Tukirudi pwani yetu, hilo hasa ndilo lililokuwa linatokea Rufiji, na aliyelipia ni King-Hall yuleyule.

Mara tu baada ya ushindi wa Zanzibar, injini ya Königsberg ilivunjika. Looff akarudi mafichoni kwenye mikoko, sehemu iliyovunjika ikabidi isafirishwe nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam kutengenezwa, ikiburutwa na watu. Makaa yake yalikuwa karibu kwisha, na Waingereza walikuwa wameshanunua yale yaliyokuwa yakiuzwa katika bandari za Wareno. Kwa maneno mengine, yule aliyeizamisha meli isiyoweza kukimbia alikuwa sasa amekaa ndani ya meli isiyoweza kukimbia.

Waingereza hawakujua. Walichojua ni kwamba Pegasus imezama. Wakatuma manowari tatu mpya, Chatham, Dartmouth na Weymouth, wakati ambapo manowari nyingine ya Kijerumani, Emden, ilikuwa bado inaharibu biashara katika Bahari ya Hindi na kila meli yenye mwendo ilihitajika kuitafuta. Oktoba 19, Chatham ya Nahodha Sidney Drury-Lowe iliikagua meli ya abiria ya Kijerumani, Präsident, huko Lindi, na ndani yake zikapatikana karatasi zilizoonyesha makaa yamepelekwa Salale. Oktoba 30 milingoti ya Königsberg ikaonekana juu ya mikoko.

Kuonekana hakukusaidia sana. Delta ya Rufiji ina midomo mingi. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina, na mizinga yao haikufika kule ndani. Novemba 10 waliizamisha meli kuukuu ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuuziba. Mingine ilibaki wazi. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa na ndege yake inayotua majini, akaruka kutoka kisiwa cha Niororo kuitafuta Königsberg kutoka angani, akaiona, na mwishowe akaanguka mikononi mwa Wajerumani. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa cha Mafia wapate kituo cha ndege. Machi, King-Hall mwenyewe akafika.

Hesabu yake iwekwe wazi. Meli ambayo haiwezi kutoka inalindwa na boti mbili. Meli ambayo labda inaweza kutoka inalindwa na kila ulichonacho. Looff hakuhitaji kuwasha boila. Alihitaji tu moshi kidogo uonekane mara mojamoja na Waingereza wakumbuke Zanzibar. Meli zilizopaswa kuwa kwingine zilikaa miezi zikizunguka nje ya delta kwenye joto, nazo zikichafuka maboila kama Pegasus.

Na Looff naye alikuwa na swali lake. Aifie meli au aiache? Malaria ilikuwa inawamaliza mabaharia wake. Nchi kavu, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa na vita vya kupigana na alihitaji kila mtu na kila mzinga. Sehemu ya mabaharia ilishapelekwa kupigana kwa miguu. Berlin haikuwa tayari kukata tamaa, ikatuma meli ya mizigo iliyokamatwa kutoka kwa Waingereza, ikabadilishwa rangi na jina ionekane ya Kidenmaki: Kronborg, iliyobeba makaa ya Königsberg na silaha na risasi za Lettow-Vorbeck.

Hapa ndipo swali la mzee wa Kanamkemer linapomchoma King-Hall moja kwa moja. Aprili 14, 1915, Hyacinth iliikuta Kronborg karibu na Tanga, ikaifukuza. Injini moja ya Hyacinth ikafa katikati ya mbio hizo. Maboila na vyuma, tena! Kronborg ikapata nafasi ya kujitupa ndani ya ghuba ya Manza. Nahodha wake, Carl Christiansen, akafanya jambo la akili: akaruhusu maji yaingie ndani ya meli mpaka ikakaa chini kwenye kina kifupi, na juu akawasha moto kwenye sitaha. Waingereza wakaipiga, wakaona moshi mweusi, wakaona meli imekaa chini, wakaondoka wakiamini imekwisha. Walimwacha ngamia amesimama.

Wajerumani walirudi. Waliopiga mbizi waliyatoa masanduku kutoka ndani ya maji moja baada ya jingine. Risasi zikaanikwa na kukaushwa. Makaa hayakuifikia Königsberg, na hilo liliihukumu meli ile. Lakini silaha zilimfikia Lettow-Vorbeck, na vita ambavyo vingeweza kupungukiwa risasi mwaka uleule viliendelea.

Juni 1915 zikafika Mafia meli mbili za umbo la ajabu, Severn na Mersey, zilizotengenezwa kwa ajili ya mito: tumbo bapa, kina kidogo, mizinga mikubwa. Julai 6 ziliingia mtoni, zikapiga makombora mamia, ndege zikizielekeza, na zikarudi zikiwa zimeumia zaidi ya zilivyoumiza. Julai 11, Jumapili nyingine, zikaingia tena. Ndege ya rubani John Cull ilipigwa, na mwenzake aliyekuwa akituma maelekezo kwa simu ya upepo aliendelea kutuma wakati ndege inashuka kuelekea mtoni. Makombora yakaanza kuangukia Königsberg yenyewe. Mizinga yake ikanyamaza mmoja mmoja. Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe kutoka ndani kwa kombora lake lenyewe la majini.

King-Hall aliweza kutuma habari London kwamba Königsberg imeangamizwa, na kwa upande wa bahari ilikuwa kweli. Lakini Looff alikuwa amefanya kile ambacho wafugaji wa Loima wangekielewa mara moja. Meli ilikaa kwenye tope, si kwenye kina. Mizinga yote kumi ikatolewa, ikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam na watu, mamia kwa mamia, wakazi wa Rufiji na wapagazi waliokusanywa, wakipita kwenye mchanga na mabwawa na kamba mabegani. Karakana ikaifungia magurudumu. Waingereza nao walikuwa wameshaitoa mizinga ya Pegasus kutoka kwenye maji ya Zanzibar na kuitumia nchi kavu. Leo mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus imewekwa nje ya Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga picha kati yake.

Machi 1916, miezi minane baada ya meli kuhesabiwa kuwa imekwisha, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kutoka Kilimanjaro hadi Kahe. Mmoja wa mizinga ile kumi ulikuwepo, ukiwapiga kutoka upande wa pili wa mto. Jinsi ulivyofika huko, na mabega ya nani yaliufikisha, ni habari ya sura inayofuata.